Kupima MS nyumbani na hospitalini: maswali tunayoulizwa mara kwa mara hapa Tanga

Mdogo wangu alithibitishwa kuwa na ugonjwa wa MS, kwa kirefu maltipo sklerosisi, akiwa na miaka 31. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika sekondari moja hapa Tanga, si daktari. Tangu alipothibitishwa, ndimi ninayetunza daftari lake la vipimo: mwendo, mikono, kumbukumbu, usingizi, homa. Ndugu, majirani na familia nyingine zenye mgonjwa kama wetu wananiuliza maswali yale yale, wengine wakiwa wamesimama mlangoni, wengine kwa simu usiku. Nimeyakusanya hapa. Dawa na matibabu muulizeni daktari wenu. Mimi nazungumzia kupima.

MS ni ugonjwa gani?

Mdogo wangu na mumewe wana duka la vipuri vya baiskeli huko Ngamiani, kwa hiyo kwetu tunaeleza kwa baiskeli. Waya wa breki hupita ndani ya kava. Kava likichanika, waya unakwaruza na kushika kutu. Unabana breki, lakini gurudumu linasimama baadaye, na siku nyingine halisimami. Mishipa ya fahamu ndani ya ubongo na uti wa mgongo nayo ina kava, la mafuta, linaloitwa mayelini. Katika MS kinga ya mwili, ambayo kazi yake ni kupigana na vijidudu, hulishambulia kava hilo na kuacha makovu. Ujumbe unachelewa kufika, au haufiki.

Daktari Mfaransa Jean-Martin Charcot aliuelezea ugonjwa huu kwa kina mwaka 1868, na katika mihadhara yake aliandika kwamba kumbukumbu za wagonjwa hudhoofika na mawazo yao huja polepole. Ugonjwa huanza zaidi kati ya miaka 20 na 40, na wanawake wanaupata mara 2 hadi 3 zaidi ya wanaume. Makadirio ya mwaka 2020 yalikuwa watu milioni 2.8 duniani. Nchi zilizo karibu na ikweta zina wagonjwa wachache kuliko nchi za baridi, na ndiyo maana watu wengi hapa hawajawahi hata kulisikia jina lake.

Mwalimu, mbona anatembea vizuri tu? Kinachopungua ni nini?

Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, na wakati mwingine linaulizwa kwa sauti ya kumshuku mgonjwa.

Kabla ya kuumwa, mdogo wangu alikuwa na kichwa cha hesabu kunizidi mimi niliyesomea. Mteja akitaja spoki 12, valvu 2 na cheni 1, jumla ilikuwa tayari kabla mkono haujafika kwenye rafu. Siku moja, mwaka mmoja kabla ya kuthibitishwa, nilikaa dukani nikimsubiri. Mzee mmoja alimpa noti ya elfu kumi kwa bidhaa ya elfu tatu na mia tano. Akazihesabu noti za chenji, akazirudisha kwenye droo, akazihesabu tena, mara tatu. Mara ya tatu alikuwa anatembeza midomo kama mtoto wa darasa la pili. Mzee aliona ni uangalifu. Mimi nikahisi tumbo linanikata, kwa sababu namjua.

Miguu yake siku ile haikuwa na tatizo lolote. Kilichopungua ni kasi ya akili kuchukua jambo, kuligeuza na kulijibu. Kwa wagonjwa wa MS hii ndiyo kasoro ya akili inayoonekana zaidi, ikifuatiwa na kushika mambo mapya na kukumbuka vitu vilivyoonwa kwa macho. Tafiti mbalimbali zinasema kati ya asilimia 40 na 65 ya wagonjwa hupata upungufu wa namna hii. Lugha yenyewe mara nyingi hubaki salama: anaongea vizuri, anatania, anakumbuka arusi ya miaka 15 iliyopita. Ndiyo maana wageni wakiondoka wanasema mbona hana kitu.

Hospitali moja tuliyoanzia walituambia ni mawazo ya ndoa. Tulipoteza miezi 8 hapo. Kama tungekuwa na karatasi moja inayoonyesha alivyokuwa na alivyokuja kuwa, nadhani wangetusikiliza mapema.

Si jini? Si kurogwa?

Hapana. Dua hatumkatazi mtu, nyumbani kwetu inasomwa kila Ijumaa. Lakini makovu yale yanaonekana kwenye picha ya ndani ya ubongo na uti wa mgongo inayopigwa kwa mashine ya MRI, na kila mwezi unaopita bila matibabu ni nafasi ya kovu jipya.

Daktari ameandika EDSS 3.5. Hiyo ni alama ya nini?

Ni ngazi ya ulemavu iliyotungwa na daktari Mmarekani John Kurtzke. Ya kwanza aliitoa mwaka 1955, akaipanua mwaka 1983, na ndiyo inayotumika hadi leo. Inaanzia 0, mtu asiye na dalili yoyote daktari anapomkagua, mpaka 10, ambayo ni kifo kutokana na MS. Kuanzia 1 inapanda kwa nusu nusu.

Ngazi za chini daktari huzipata kwa kukagua macho, nguvu za misuli, uwiano wa mwili, hisia za ngozi, kibofu na choo, na akili kidogo. Kuanzia 4 kwenda juu, karibu kila kitu kinategemea umbali anaotembea mtu. Anayepewa 4 anatembea kama meta 500 bila msaada na bila kupumzika. Anayepewa 6 anahitaji fimbo au mkongojo wa upande mmoja kufika meta 100. Anayepewa 6.5 anahitaji msaada wa pande mbili ili aende meta 20. Kwenye 7 hawezi kupita meta 5 hata akisaidiwa, na anatumia kiti cha magurudumu.

Ili familia ielewe, tulipima mtaani kwetu. Meta 100 ni kutoka mlangoni mpaka msikitini. Meta 500 ni kutoka mlangoni mpaka gengeni kwa mama wa mihogo na kupitiliza kidogo. Fanyeni hivyo nanyi, maana daktari akiuliza unatembea umbali gani, watu wengi hujibu "mbali kidogo", na jibu hilo halimsaidii.

Ngazi hii nina ugomvi nayo. Mtu anaweza kutembea hadi gengeni na kurudi, akapewa alama ndogo, huku ameshindwa kuendesha duka lake. Inaangalia miguu mno, mikono kidogo, akili kidogo zaidi. Pia hatua zake hazilingani: kutoka 2 kwenda 3 si sawa na kutoka 6 kwenda 7, kwa hiyo msijumlishe wala kutafuta wastani wake kama alama za mtihani. Nasema hivi kwa uzoefu wa chaki.

Basi mwendo, mikono na akili vinapimwaje?

Miaka ya 1990 wataalamu waliona upungufu huohuo wa EDSS, wakaunganisha vipimo vitatu vinavyotoa namba halisi: mguu, mkono na akili.

Mguu ni kutembea futi 25, yaani meta 7.62, haraka kadiri mtu anavyoweza bila kujihatarisha. Anatembea mara mbili, unachukua wastani. Fimbo inaruhusiwa, ila iandikwe.

Mkono ni kibao chenye mashimo 9 na vijiti 9 kwenye kisahani. Anachukua kijiti kimoja kimoja, anavijaza vyote mashimoni, kisha anavitoa kimoja kimoja kuvirudisha, na saa inahesabu. Kila mkono mara mbili. Kijana mzima anatumia kama sekunde 20. Mara ya kwanza mdogo wangu alipowekewa kile kibao mbele yake alicheka, akasema, "Kumbe bao!" Na kweli kinafanana, ila bao letu lina mashimo 32 na kete 64. Mkono wa kulia ulikwenda vizuri. Mkono wa kushoto ulifika kwenye kijiti cha nne, kidole gumba na cha shahada vikakishika, vikakipeleka juu ya shimo, kisha kijiti kikaanza kuzunguka ukingoni bila kuingia. Akakiangusha. Akakiokota. Akaacha kucheka. Nyumbani tulikuwa tunajua tu kwamba "siku hizi anavunja vikombe".

Akili, mwanzoni, ilipimwa kwa kujumlisha namba unazozisikia. Sauti inataja namba kila baada ya sekunde 3, nawe unajumlisha kila namba na ile iliyotangulia. Ukisikia 3, 5, 2, 8, majibu ni 8, 7, 10. Ugumu wake ni kwamba lazima ulisahau jibu lako na kuikumbuka namba. Nimejaribu mwenyewe kwa namba za kubuni, nikapotea kwenye ya sita. Wagonjwa wengi hawakipendi kipimo hiki. Wengine wanatoka wanalia. Pia anayejua hesabu anafunika udhaifu wake, na asiyejua anaonekana mgonjwa kuliko alivyo.

Kwa hiyo siku hizi wataalamu wengi wanatumia kingine, kinachoitwa SDMT. Juu ya karatasi kuna alama 9 na kila alama ina tarakimu yake, 1 mpaka 9. Chini kuna mistari ya alama tupu. Mtu anataja tarakimu ya kila alama kwa sekunde 90, na mpimaji anahesabu alizopatia. Kwa kuwa anataja kwa mdomo, mkono dhaifu haumwangushi. Ni kipimo kifupi, ila kinaishika ile kasi ya akili niliyoiona ikipotea kwenye droo ya chenji.

Mwaka 2012 wataalamu walipendekeza seti fupi ya kama dakika 15 inayoitwa BICAMS: SDMT, orodha ya maneno 16 unayosomewa mara 5 ukiyarudia, na michoro 6 unayoonyeshwa kwa sekunde 10 kisha unaichora kwa kukumbuka, mara 3. Imekusudiwa hata hospitali isiyo na bingwa wa saikolojia.

Vipimo vyenyewe vya Ulaya na Marekani. Vinamfaa bibi wa Pongwe asiyewahi kukaa darasani?

Swali zuri, na jibu lina sehemu mbili.

Kibao cha vijiti na kutembea havihitaji shule. SDMT inahitaji mtu azoee tarakimu na kusoma kwa mstari, kushoto kwenda kulia. Bibi aliyejifunza kusoma chuoni kwa herufi za Kiarabu macho yake yamezoea kwenda upande mwingine. Apewe muda wa mazoezi kabla saa haijaanza. Orodha ya maneno nayo haifai kutafsiriwa juu juu. Neno fupi la kigeni linaweza kuwa refu kwetu, na kitu cha kawaida kwao kikawa kigeni Tanga. Lazima itungwe kwa maneno yetu ya kila siku, yenye urefu na uzito unaolingana, kisha ijaribiwe kwa watu wazima wenye afya wa rika na elimu tofauti.

Sehemu ya pili ndiyo ninayoishikilia sana. Kama hakuna wastani wa watu wa hapa wa kumlinganisha naye, mlinganisheni na yeye mwenyewe. Sekunde zake za leo na sekunde zake za miezi 6 iliyopita, mpimaji yuleyule, chumba kilekile. Kwa mlinganisho huo, tofauti ya shule inapungua nguvu, kwa sababu ni mtu mmoja.

Mdogo wangu ni mfano. Alipopimwa akili mara ya kwanza, majibu yalisema yuko kwenye kiwango cha kawaida. Cha kawaida kwa nani? Aliyeanza juu anaweza kuporomoka sana na bado akatua kwenye wastani wa watu. Tena elimu na mazoea ya kufikiri yanampa mtu akiba: ubongo unatafuta njia za kuzunguka makovu, na kasoro inachelewa kuonekana. Kwa hiyo pimeni mapema, wakati mgonjwa bado anaona ni kupoteza muda.

Tunaweza kupima wenyewe nyumbani?

Mwendo, ndiyo. Futikamba ya fundi cherehani ina sentimita 150. Ipigeni mara 5, ongezeni sentimita 12, mmepata meta 7.62. Sisi tunatumia ukumbi wa nyumba, tumeweka alama mbili za rangi sakafuni ili zisifutike kwa deki. Mtu mmoja anatembea pembeni yake, tayari kumdaka. Saa ya simu inatosha. Mwambieni apite mstari wa mwisho na kuendelea hatua mbili, la sivyo ataanza kupunguza mwendo kabla hajafika. Viatu vilevile kila mara, kandambili hazifai. Andikeni mara zote mbili, si ile nzuri tu. Kanga nayo ina habari yake: akiifunga ikambana magotini, hatua zinafupika na sekunde zinaongezeka bila ugonjwa kuhusika.

Vijiti na SDMT waachieni wataalamu. Karatasi za SDMT zina hakimiliki, halafu mgonjwa akikizoea kipimo nyumbani, atakachoonyesha hospitalini ni mazoea. Hata kwa vipimo vya hospitali mara ya pili huwa bora kidogo kuliko ya kwanza kwa sababu hiyohiyo. Badala yake tuna shati la shule la mwanangu lenye vishikizo 6, limelazwa mezani, mdogo wangu anafunga na kufungua. Si kipimo kinachotambulika na sijawahi kumwambia daktari kwamba ni kipimo. Kinatuonyesha tu mkono unaelekea wapi.

Kwa akili tunaandika matukio: sufuria iliyoungua, dawa iliyomezwa mara mbili, chenji iliyozidi, swali lililorudiwa. Tarehe, saa, na kilichokuwa kikiendelea. Kabla ya kwenda kliniki nachukua kurasa hizo na kuzifupisha kwa mistari 5. Daktari anasoma mistari 5. Kurasa 20 hasomi.

Mara ngapi? Sisi ni kila baada ya miezi 3. Kuna shemeji yangu aliyekuwa anampima kila siku asubuhi, nikamsimamisha. Nyumba ilikuwa inageuka chumba cha mtihani.

Kaskazi ikivuma anazidiwa. Ugonjwa unakimbia?

Mara nyingi hapana. Mjerumani Wilhelm Uhthoff aliandika mwaka 1890 juu ya wagonjwa waliofifia macho baada ya kujichosha, na baadaye ikaeleweka kwamba chanzo ni joto: joto la mwili likipanda, dalili za zamani zinarudi au zinazidi, na mwili ukipoa zinatulia. Waya uliochanika kava unapitisha ujumbe kwa shida zaidi ukipata joto, na nusu nyuzi ya Selsiasi inaweza kutosha. Halitengenezi kovu jipya.

Tanga kuanzia Desemba hadi Machi, saa 8 mchana, mdogo wangu anaona ukungu jicho la kulia na mguu unaburuza. Anaoga maji ya baridi, anakaa barazani kwenye upepo, baada ya saa moja anarudi. Kwa hiyo vipimo vyetu vyote ni saa 2 asubuhi, kabla jua halijapanda ukutani, na pembeni tunaandika kama ni kaskazi au kusi. Kipimo cha Februari ninakilinganisha kwanza na cha Februari iliyopita. Nikikilinganisha na cha Julai peke yake ningetangaza msiba kila mwaka.

Na Ramadhani?

Kufunga au kutofunga ni la mgonjwa, daktari wake na shekhe wake. Mgonjwa ana ruhusa yake katika dini. Ila kwa kupima, mtu aliyeamka kula daku, hajalala vizuri, na mchana hana maji mwilini, msimpime mkamlinganisha na Rajabu. Sisi tunaruka mwezi huo.

Sekunde zimeongezeka. Ni lini nipige simu?

Kwanza tafuta homa na maambukizi. Mkojo mchafu, mafua makali, malaria, kidonda: vyote vinaweza kumwangusha mgonjwa wa MS kwa siku kadhaa, akaonekana ugonjwa umelipuka. Akitibiwa maambukizi, anarudi. Kwa wanaotatizika kibofu, UTI, yaani maambukizi ya njia ya mkojo, ndiyo ya kuangalia mwanzo kabisa.

Dalili mpya, au ya zamani iliyozidi sana, ikiendelea kwa zaidi ya saa 24 bila homa wala maambukizi, huenda ni mlipuko wa ugonjwa wenyewe. Hapo usisubiri tarehe ya kliniki.

Kuporomoka kwa polepole kunahitaji subira. Watafiti hawahesabu kwamba ulemavu umeongezeka mpaka wampime tena baada ya miezi 3 au 6 na kukuta hali ni ileile. Kwa kutembea na kwa vijiti, badiliko linalochukuliwa kuwa na maana ni asilimia 20. Aliyekuwa anatumia sekunde 6.0, akifika 7.2 ni jambo la kumwambia daktari, akifika 6.3 huenda alilala vibaya. Kwa SDMT, kupungua kwa majibu 4 hivi kunatosha kuuliza, kwa sababu kumeonekana kuendana na watu kushindwa kazi zao.

Na kuna wanaoporomoka bila mlipuko wowote. Hawa ndio wanaohitaji daftari kuliko wote, kwa kuwa hakuna siku moja ya kuielekezea kidole.

Anasahau kwa sababu ya ugonjwa au kwa sababu ya huzuni?

Vyote viwili vinawezekana, na vinapandana. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, ni ya kawaida sana kwa wagonjwa wa MS, na mtu mwenye sonona anajibu polepole hata kama ubongo wake haujapata kovu jipya. Uchovu nao si uvivu; ni uchovu unaomkuta mtu ameketi. Kuna madodoso ya kuupima uchovu na sonona, ombeni yafanywe siku ileile ya vipimo vya akili. Usingizi, tezi ya shingo na upungufu wa damu viangaliwe pia. Macho vilevile: mgonjwa aliyewahi kuvimba mshipa wa fahamu wa jicho anaweza kushindwa SDMT kwa kutoziona alama vizuri, akaandikiwa kuwa akili imepungua.

Mama mdogo wetu alikuwa na kawaida ya kumwambia, "Jikaze, mwanangu." Tulimwomba kwa heshima aache. Sonona ina matibabu.

MRI haitoshi? Imeshaonyesha kila kitu.

Inaonyesha makovu na inaonyesha ubongo ukisinyaa. Mtu mzima mwenye afya hupoteza kama asilimia 0.1 hadi 0.3 ya ubongo kwa mwaka. Mgonjwa wa MS asiyetibiwa hupoteza kati ya 0.5 na 1.35. Lakini wapo wenye makovu mengi wanaofanya kazi zao, na wenye machache walioshindwa. Kovu dogo la uti wa mgongo linaweza kuuondoa mguu. Makubwa mahali pengine yasionekane nyumbani. Tunakwenda Dar es Salaam kwa basi, saa tano au sita njiani, kupiga picha hiyo, na bado daktari kule alitumia muda mrefu zaidi kwenye daftari.

Programu za simu je?

Zipo zinazohesabu hatua, kasi ya kuandika, hata kubonyeza alama kama SDMT. Zinafaa kuonyesha mwelekeo wa miezi. Simu iwe ileile, na isikae kwenye mkoba siku nzima ikahesabiwa kwamba mgonjwa hakutembea.

Akisalimiwa njiani anasimama kwanza ndipo ajibu. Anaringa?

Haringi. Nawaomba mlisome jibu hili majirani zangu wote.

Kutembea na kuongea kwa pamoja kunatumia akili mbili kwa wakati mmoja, na kwa mgonjwa wa MS akiba ya pili ni ndogo. Wataalamu wanalipima hili: anatembea umbali uleule kimya, kisha anatembea huku akihesabu kurudi nyuma, na wanaangalia kilichopungua, mwendo au hesabu. Mdogo wangu alitembea kimya kwa sekunde 6.1. Alipoambiwa ahesabu kuanzia 100 akipunguza tatu tatu, alifika kwa 8.4 na alikosea mara mbili.

Sasa fikirieni salamu zetu. Hujambo, habari za nyumbani, watoto, mzee anaendeleaje, za tangu juzi. Kila moja inataka jibu lake, chini kuna mtaro na baiskeli inapiga kengele nyuma. Akijibu huku anatembea, anaanguka. Alishaanguka mara moja mbele ya duka la dawa, akachubuka kiwiko. Akisimama, watu wanasema amejaa maringo tangu apate mume mwenye duka. Anasimama ili akujibu vizuri. Simama naye.

Kuna dawa inayofanya namba zipande?

Kwa mwendo ipo, fampridini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2010, na kipimo kilichotumika kuijaribu ni kilekile cha futi 25. Haimsaidii kila mtu, na aliyewahi kupata kifafa haruhusiwi kuitumia. Mazoezi yanasaidia mwendo na uchovu, na mazoezi ya kumbukumbu pamoja na mtaalamu yanasaidia baadhi. Mdogo wangu anarekodi oda za wateja kwa sauti kwenye simu, halafu anaziandika wateja wakiondoka.

Mgonjwa mwenyewe aonyeshwe namba zake?

Mwanzoni nilizificha. Nilikuwa nikimaliza kupima nasema "vizuri, vizuri" kama ninavyowaambia wanafunzi waliofeli, na yeye anajua sauti yangu tangu tukiwa tunalala kitanda kimoja. Siku moja aliniambia, "Dada, hiyo ni miguu yangu. Nipe daftari."

Nikampa. Alilisoma lote akiwa barazani, karibu saa nzima, akirudi nyuma kwenye kurasa. Alichonionyesha sikuwa nimekiona: kila baada ya wiki yenye arusi au msiba kwenye familia, sekunde zilikuwa juu. Alikuwa anachoka kwa kupika na kukesha, nasi tulikuwa tunaandika kwamba ugonjwa umepanda. Sasa kipimo hakifanyiki mpaka awe amepumzika siku tatu, na ni yeye anayepanga tarehe.

Ukurasa wa kila kipimo sasa anauanzisha yeye: tarehe, saa, kaskazi au kusi, amelala vipi. Anaandika kwa mkono wa kulia, taratibu, mstari mmoja. Mimi ninashika saa.